ZIBA UFA: FUKUSI WA VIAZI NA SHAMBA LA SHULE YETU

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni afisa kilimo wa wilaya, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote lenye manufaa. Nilijua kwamba wenzangu wawili walionitangulia mwaka juzi na mwaka jana walizungumzia sheria na benki. Mimi sina benki. Mimi ni bwana shamba. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya kiazi kitamu na mdudu anayekila. Nawaomba msicheke mapema, maana ndani ya habari hii mna aibu yangu mwenyewe, na mkitaka kucheka, subirini tufike hapo.

Nianze hapa hapa bwaloni. Wale wa rika langu wanakumbuka kwamba saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikigongwa, tulikuwa tunapewa uji na viazi vya kuchemsha. Viazi hivyo tulivilima wenyewe kwenye shamba lile la bondeni, nyuma ya bweni la mwisho. Shule za nchi hii zilianza kuwa na mashamba ya namna ile tangu ilipotangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sisi tulioingia hapa katika miaka ya 1990 tuliyakuta matuta yakitungoja. Mwenye kosa alipewa matuta mawili. Mwenye kosa kubwa alipewa matano. Mimi nililima matuta mengi, na sababu zake Mwalimu wa Nidhamu anazijua, tumwachie mwenyewe.

Sasa, mnakumbuka vile viazi tulivyoviita "klorokwini"? Vijana wa leo hawaijui klorokwini, maana iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001. Ilikuwa chungu kiasi cha mtu kukunja uso kabla hajaimeza. Basi kulikuwa na viazi vilivyokuwa na uchungu kama huo. Ulikitazama kiazi kwa nje, ukaona vitundu vidogo vidogo tu. Ulikivunja, ukakuta njia nyeusi zimepita ndani kama vichuguu. Ulikitia mdomoni, ukakitema. Kuna siku bwalo zima lilirudisha viazi, na kiranja wa chakula akapelekwa ofisini kueleza ni nani aliyechochea mgomo. Hapakuwa na mchochezi. Mchochezi alikuwa fukusi.

Wakati ule hakuna aliyetueleza hayo. Tuliambiwa kwamba viazi vimeoza kwa sababu wanafunzi ni wavivu. Nataka niseme leo, mbele ya Mwalimu Mkuu wa sasa ambaye hakuwapo wakati ule, kwamba hatukuwa wavivu kiasi hicho. Hatukumjua adui.

Tumjue basi. Fukusi wa viazi vitamu ni mdudu mdogo. Anayesumbua sana huku kwetu ni mweusi, mwembamba, mfano wa sisimizi aliyevaa gamba gumu, na ana mdomo mrefu uliochongoka kama mkonga. Yupo na mwenzake mwenye rangi ya hudhurungi, mdogo kuliko yeye kidogo. Mchana hujificha chini ya majani na penye nyufa, kwa hiyo mkulima anaweza kupita shambani kila siku asimwone. Ukimgusa hujifanya amekufa. Hiyo ni hila yake, msidanganyike.

Jike hutoboa tundu dogo kwenye kiazi au kwenye shina la rando karibu na udongo, akatia yai moja, akaziba tundu kwa kinyesi chake. Halafu husogea, akatoboa jingine. Katika maisha yake anaweza kutaga mayai yapatayo 100. Yai likianguliwa hutoka buu mweupe asiye na miguu, ambaye kazi yake ni kula tu, akichimba njia ndani ya kiazi na kuacha kinyesi nyuma yake. Hugeuka umbo humo humo ndani, kisha hutoka akiwa fukusi kamili. Katika joto la huku kwetu, tangu yai hadi mdudu mzima ni kama mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba shamba likikaa kiangazi kizima, vizazi vinapokezana humo ndani kama mabasi kituoni.

Na ule uchungu? Ule uchungu ni kazi ya kiazi chenyewe. Kiazi kikitobolewa hujitetea kwa kutengeneza kemikali chungu. Inatosha buu ale sehemu ndogo tu, na kiazi kizima huanza kuharibika ladha. Ndiyo sababu kukata upande mbovu na kupika uliobaki mara nyingi hakusaidii. Tena niwaonye: viazi vilivyoshikwa na ukungu msiwape ng'ombe mkidhani mnaokoa kitu. Kemikali nyingine zinazotokea katika viazi vya namna hiyo hudhuru mapafu ya ng'ombe, na wako ng'ombe waliokufa kwa chakula hicho.

Hata hivyo, mdudu huyu ana udhaifu mmoja mkubwa, na hotuba yangu yote imesimama juu ya udhaifu huo. Hajui kuchimba udongo. Ana mdomo wa kutoboa kiazi lakini hana miguu ya kufukua ardhi. Akitaka kukifikia kiazi kilicho chini, ni lazima apate njia, ama ufa katika tuta, ama kiazi kilichojitokeza juu, ama shina la rando ambalo tayari ana watoto ndani yake. Mfungie njia hizo tatu, umemnyima mlango.

Sasa nifike kwenye aibu niliyowaahidi.

Nilimaliza chuo kikuu Morogoro mwaka 2003, nikiwa na shahada ya kilimo na suti moja. Mwaka uliofuata niliajiriwa, na kabla ya kuripoti kazini nilikwenda nyumbani kumwona mama. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikuwa na matuta 60 ya viazi kwenye shamba letu la kando ya mbuga, na mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Marando yalifunika ardhi yote. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la saba, akitarajia kwenda sekondari Januari. Siku zile ada ilikuwa bado inalipwa katika shule za serikali, maana ilikuja kufutwa mwaka 2016. Pamoja na ada kulikuwa na godoro, sare, sanduku na nauli. Fedha hizo zote zilikuwa ndani ya matuta yale.

Asubuhi moja mwezi wa Juni nilimkuta mama shambani na kijiti kilichochongwa. Alikuwa anapita tuta hadi tuta, akitazama mahali udongo ulipoinuka na kupasuka, anapachokonoa kwa kijiti, anatoa kiazi kimoja kikubwa, halafu anarudisha udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Akimaliza tuta moja anakwenda jingine. Kikapu kikijaa, anarudi nyumbani.

Nikamwambia, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umelala salama?"

"Salama mama. Lakini kilimo hiki unachofanya si cha kisasa. Unachokonoa chokonoa, unaijeruhi mizizi, na huwezi kujua mavuno yako. Acha viazi vikae mpaka Septemba. Bei itapanda. Tutavuna vyote kwa siku moja, tutaita gari, tutauza kwa jumla."

Mama aliniangalia kwa muda. Kisha akasema, "Na hizi nyufa je?"

Nikamjibu, "Nyufa ni dalili kwamba viazi vinakua, mama."

Ndugu zangu, jibu hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya. Ni kweli kwamba kiazi kikikua huinua udongo na kuupasua. Lakini mama hakuniuliza ufa unatoka wapi. Aliniuliza ufa unampeleka nani ndani. Mimi sikusikia swali, nilisikia nafasi ya kuonyesha shahada yangu. Na yeye, kwa kuwa alikuwa ameuza ng'ombe ili nisome, akaona haifai kubishana na elimu aliyoilipia mwenyewe. Akaweka kijiti chini.

Juni ikapita, Julai ikapita, Agosti jua likawaka. Udongo wetu ule wa kijivu ukikauka hupasuka hadi mtoto akaweza kuingiza mkono. Hakuna aliyeziba. Septemba nikarudi kwa likizo fupi, nimekwisha zungumza na mwenye gari. Tukavuna vyote kwa siku moja, kama nilivyoamuru. Tulitarajia magunia 14. Tulipata magunia mawili yanayolika. Mengine yote yalikuwa na vitundu, na ukikivunja kiazi unaona zile njia nyeusi, klorokwini tupu. Mwenye gari alitazama, akadai fedha ya mafuta, akaondoka.

Mama hakunigombeza. Jioni ile alichemsha viazi, akaniandalia mezani pamoja na wajomba wawili waliokuja kusaidia kuvuna. Wajomba aliwapa sahani ya viazi vizuri. Mimi akanipa sahani yangu peke yangu. Niliuma cha kwanza, nikajua. Nilikimeza. Nikala na cha pili. Wajomba waliendelea kuzungumza habari za mvua, na mama akawa anakuna nazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Januari, mdogo wangu alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Aliripoti shuleni wiki sita baada ya wenzake, kwa sababu mshahara wangu wa kwanza ulichelewa na hapakuwa na fedha nyingine. Alikuta wenzake wamekwisha gawana vitanda na wamekwisha soma mada tatu za hesabu. Alihangaika na hesabu miaka yote minne. Leo ni muuguzi, ana watoto wake, na akinipigia simu huniita "Bwana Subiri Bei". Tunacheka. Lakini wiki zile sita hazikurudi, na ni mimi niliyezila.

Baadaye, nikiwa kazini, ndipo nilipojifunza kile ambacho mama alikuwa anakifanya. Uganda, katika miaka ya 1990, watafiti walichunguza desturi hii ya akina mama ya kuvuna kidogo kidogo. Waliona kwamba kukiacha kiazi ardhini muda mrefu wakati wa kiangazi huongeza hasara ya fukusi, na kwamba kuchimba viazi kidogo kidogo huipunguza. Mnaona sababu yake? Anayetolewa kwanza ni kiazi kikubwa, yaani yule yule anayepasua tuta. Ukimtoa na kurudisha udongo, umechukua chakula na umeziba mlango kwa tendo moja. Mama alikuwa anapambana na wadudu kila asubuhi kwa kijiti na kisigino, na mimi nikamwita mshamba.

Sisemi kwamba elimu haina maana. La hasha! Ningekuwa nasema hivyo nisingesimama hapa kuwasifu walimu. Nasema kwamba elimu inayofika shambani bila kuuliza "kwa nini unafanya hivi?" inaweza kumtia njaa mtu. Vijana, mtakapohitimu, ulizeni kwanza.

Sasa nieleze kwa mpangilio mambo ya kufanya, ili kila mmoja aondoke na kitu cha kujaribu kwake, awe na ekari tano au matuta matatu nyuma ya nyumba ya serikali.

Jambo la kwanza ni mbegu. Fukusi wengi huletwa shambani na mkulima mwenyewe, mabegani, ndani ya marando. Sehemu ya chini ya rando, ile ngumu na nzee iliyo karibu na udongo, ndiyo anayoipenda kutagia. Kwa hiyo kata ncha tu, urefu wa sentimita 25 hadi 30, kutoka mmea wenye afya usio na majani yaliyojikunja wala mabaka. Hapa shuleni zamani tulikuwa tunarundika marando ya shamba lililokwisha vunwa, tunayakata vipande vyote mpaka shina, tunapanda. Tulikuwa tunampanda fukusi kwa mistari.

Jambo la pili ni mahali. Usipande viazi juu ya viazi, wala kando ya shamba la mwaka jana. Panda mahindi, mtama, au kunde hapo, viazi uvipeleke mbali. Ukimaliza kuvuna, usiache viazi vibovu na mashina yametapakaa, maana hayo ndiyo mabweni ya fukusi. Yakusanye uyafukie kwa kina au uyachome. Viazi vinavyojiotea vyenyewe ving'oe. Hali kadhalika yako magugu jamaa ya kiazi, yenye maua mfano wa tarumbeta, ambayo fukusi hujihifadhi humo msimu wa viazi ukiisha. Nayo yaondoeni pembezoni mwa shamba.

Jambo la tatu ni udongo, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wakati wa palizi pandishia udongo kwenye tuta mpaka shingo ya kiazi ifunikwe vizuri. Rudia tena viazi vinapoanza kunenepa. Baada ya hapo pita shambani mara kwa mara, na kila uonapo ufa, uzibe kwa jembe au kwa kisigino. Matandazo ya majani makavu husaidia udongo usikauke upesi na kupasuka. Mwenye maji na amwagilie kidogo. Ukichagua aina ya viazi, chagua ile inayozaa chini zaidi, yenye shingo ndefu, kuliko ile inayojaa juu ya tuta kama kuku wanaoatamia.

Jambo la nne ni wakati. Kiazi kikikomaa kitolewe. Aina nyingi za kwetu hukomaa kati ya miezi mitatu na mitano. Kila wiki unayoongeza wakati wa kiangazi, unamwongezea fukusi. Utaniuliza, nivune vyote niviweke wapi, maana kiazi kibichi hakikai? Jibu wanalo bibi zetu wa Usukumani na Shinyanga: michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, yakamenywa, yakakatwa, ndipo yakaanikwa. Vikikauka sawasawa hukaa miezi mingi. Watu hudhani ni chakula cha umaskini. Mimi nasema ni ghala. Mwenye michembe hana haja ya kuacha viazi ardhini vikingoja fukusi. Lakini ghala hilo nalo lilindwe: kikaushe mpaka kivunjike kwa mlio, kihifadhi kwenye chombo kinachofungwa, na kila mara kikague na kukirudisha juani, maana vitu vikavu navyo vina wadudu wake. Mnamkumbuka dumuzi, aliyepewa jina la lori, "Scania", kwa jinsi anavyosaga. Aliingia kutoka Amerika ya Kati, akatambuliwa nchini mwetu, upande wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Halii mahindi peke yake, hula na makopa ya muhogo.

Jambo la tano ni dawa. Kila wiki huja mkulima ofisini kwangu akisema, "Bwana shamba, nipe dawa ya fukusi." Namwelewa, maana dawa ni rahisi kuliko palizi. Lakini buu yumo ndani ya kiazi, na kiazi kimo ndani ya udongo. Dawa inayonyunyiziwa juu ya majani haimfikii huko. Itawaua sisimizi, buibui na wadudu wengine ambao wangemla fukusi, na mabaki yake yatabaki kwenye majani ambayo kesho tutayachuma kuwa mboga ya matembele. Umelipa fedha, umeua askari wako, umekula sumu, na adui yu salama kitandani.

Ndiyo, nimesema askari. Katika nchi ya Cuba wakulima waliwatumia sisimizi. Waliweka majani ya mgomba yaliyoviringishwa na kutiwa utamu kule sisimizi waliko wengi, wakiingia humo wakachukuliwa mpaka shamba la viazi, wakaachwa wajenge makazi na kuwinda fukusi. Na hapa kwetu Afrika tunao mfano mkubwa zaidi katika ndugu yake kiazi, yaani muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vidung'ata wa muhogo, wale wadudu wenye unga mweupe, waliingia eneo la Kongo kutoka Amerika ya Kusini, wakaenea nchi hadi nchi wakikausha mashamba. Walikuja bila adui zao. Watafiti wakaenda kuwatafuta hao adui, wakampata nyigu mdogo sana huko Paraguay, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata. Akaachiliwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981, halafu katika nchi nyingine nyingi. Muhogo ukapona pasipo mkulima kununua hata chupa moja ya sumu. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kwa fukusi wetu wa viazi bado hajapatikana nyigu wa namna hiyo. Mpaka siku hiyo, nyigu wetu ni jembe.

Jambo la sita na la mwisho ni kuhifadhi mbegu kiangazi. Wengi wetu tunapanda mbegu mbaya kwa sababu mvua zikianza tunakuwa hatuna nyingine, marando yote yamekauka. Wataalamu waliofanya kazi na wakulima wa Tanzania na Uganda wameeneza njia nyepesi ya mchanga. Wakati wa kuvuna chagua viazi vidogo na vya wastani, visivyo na tundu wala jeraha, kutoka mimea yenye afya. Vipange ndani ya beseni au shimo lililo chini ya paa, kwa safu, mchanga mkavu na kiazi, mchanga na kiazi, bila kugusana. Kagua kila mwezi, kilichooza kitoe. Ikibaki kama wiki sita hadi nane mvua zianze, vipande kwenye bustani yenye ulinzi dhidi ya mbuzi, umwagilie. Vitachipua. Viazi 40 vilivyohifadhiwa hivyo vinaweza kukupa vipande 1,000 au zaidi vya kupanda, safi, mvua ya kwanza ikinyesha. Jirani yako wakati huo atakuwa bado anatafuta marando barabarani.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye ombi langu, maana hotuba ya mwanafunzi wa zamani isiyo na ombi wala ahadi ni kelele.

Jana jioni nilishuka mpaka shamba la bondeni pamoja na mwalimu wa kilimo na vijana wanne wa kidato cha tatu. Shamba lipo. Matuta yapo. Nyufa zipo. Viazi vimekaa juu ya mahali pale pale tulipolima sisi zaidi ya miaka 25 iliyopita. Nilichimba vitano, vitatu vilikuwa na vitundu. Kijana mmoja akaniambia kwamba hapa bwaloni viazi vya namna hiyo siku hizi wanaviita "betri iliyokufa". Jina limebadilika, mdudu ni yule yule.

Nimesikia kwamba kamati ya chama chetu inafikiria kuichangia shule mashine ya kunyunyizia dawa. Nia ni njema, lakini naomba fedha hiyo igeuzwe. Naomba tununue uzio wa bustani ndogo karibu na bomba la maji, mabeseni ya mchanga, na mbegu safi ya kuanzia. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kina wataalamu wa mazao ya mizizi wa kutushauri aina zinazofaa, zikiwamo zile zenye rangi ya chungwa ndani. Rangi hiyo inatokana na kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Faida yake imekwisha tambuliwa kiasi kwamba Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016 walipewa watu wanne kwa kazi ya kurutubisha mazao, na watatu kati yao kwa viazi hivi, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu. Shamba la viazi lenyewe lihamie upande wa juu, na bondeni pakae mahindi na kunde kwa misimu miwili.

Mimi kwa upande wangu naahidi kuja mara mbili kila mwaka kwa nauli yangu, wakati wa kupanda na wakati wa kupandishia udongo. Sitaki posho. Ninalipa deni la wiki sita.

Na nyinyi vijana nawaomba jambo moja. Kuziba nyufa kusiwe adhabu. Sisi tulilimishwa matuta kwa makosa yetu, na mtu akifundishwa kwamba jembe ni adhabu, akimaliza shule atalikimbia. Wagaweni wanafunzi kwa mabweni, kila bweni matuta yake, na mwisho wa msimu tupime ni bweni gani limetoa viazi vingi visivyo na tundu. Bweni litakaloshinda, mimi nitalinunulia mbuzi.

Mama yangu bado yu hai. Ni mzee sasa, lakini bado anayo matuta yake, machache, karibu na nyumba. Kabla ya kuja hapa nilipitia kwake, nikamweleza kwamba nimeombwa kuhutubia wasomi juu ya fukusi wa viazi. Akaniuliza, "Utawaambia nini?" Nikamwambia, "Nitawaambia wazibe nyufa." Akafikiri kidogo, akasema, "Waambie pia wasisubiri bei."

Nimewaambia.